Mkono wa Sita

Wapo watu wanaosema wamesamehe, kumbe wanang'ata meno. Mimi sikujisumbua. Nilimchukia Kola miaka mitatu mizima, kuanzia saa moja asubuhi ninapoketi mbele ya skrini za pampu mpaka saa tisa ninapovua koti la kazi, na nikiwa likizo nilimchukia nikiwa nyumbani.

Kola ni mhandisi wetu mkuu. Jina hilo tulimpa sisi wa chumba cha udhibiti, kwa kuwa hufunga kifungo cha shingoni hata siku feni imekufa na kila mtu anajipepea kwa daftari. Kituo chetu kinasafisha maji ya mji. Yanaingia machafu kutoka mtoni, yanachujwa, yanatiwa klorini, yanapandishwa tangini, kisha yanashuka kwenye mabomba ya watu. Klorini ikipungua watu wanaharisha. Ikizidi inawachoma koo na macho. Kipimo chake ni namba moja tu kwenye skrini, na kaka yangu aliilinda namba hiyo miaka kumi na mmoja.

Baba alipofariki akatuacha na mama, nilikuwa darasa la pili. Kaka ndiye aliyekuwa akinisuka nywele kila Jumapili, vibaya kweli, mistari imepinda huku na huku, halafu anaenda kugombana na mwalimu aliyenicheka. Nilipomaliza chuo aliniombea nafasi kituoni, akanifundisha kazi akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Miezi miwili baadaye walimtoa pale amefungwa pingu.

Ngoja nieleze ujinga wetu kwanza, maana ndio mzizi wa yote. Ili upewe jina lako la kuingilia kwenye mfumo ulitakiwa ujaze fomu, na fomu isainiwe na ofisi tatu, na ofisi ya tatu haikuwa na mtu. Kaka alijaza yake mwaka ule kompyuta zilipowekwa, wakati ofisi zote tatu bado zina watu. Sisi wengine tukaona tabu ya nini, tukaingia kwa jina lake. Wote saba, Kola akiwemo. Neno la siri liliandikwa juu ya plasta ya kidonda, plasta ikabandikwa chini ya kibodi. Mgeni akiajiriwa anaonyeshwa choo kilipo, birika lilipo na plasta ilipo. Kwa hiyo kila kilichofanyika kituoni, awe amekifanya nani, kumbukumbu za mfumo ziliandika jina la kaka.

Tulikuwa pia na Kichanga. Hiyo ni kengele ya hatari, ipo juu ya meza ya kati. Tuliiita hivyo kwa sababu ililia ovyo. Maji yakishuka kidogo Kichanga analia, umeme ukicheza analia, mjusi akikatiza kwenye kihisi analia, mara arobaini kwa zamu moja. Kipo kitufe cha kumnyamazisha, na kukibonyeza tulikuita kumbembeleza. Mtu akiwa kwenye simu anakuonyesha tu kwa kidevu, mbembeleze huyo, nawe unabonyeza bila hata kuinua macho.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa wawili zamuni, mimi na kaka. Saa nne na ushei asubuhi, mtu alipandisha klorini mpaka mara nane ya kipimo chake. Kaka alikuwa nje kwenye matangi, anachota maji ya kupima. Alipotia dawa kichupani na maji yakawa mekundu kama damu, alikimbia hadi chumba cha klorini akafunga valvu kwa mikono yake, huku gesi inamkaba. Dakika arobaini zilikuwa zimeshapita. Watu ishirini na watatu walilazwa, wengi wao watoto wa mtaa ulio chini ya tangi, na bibi mmoja akapoteza jicho.

Kwenye kamati ya uchunguzi kaka aliulizwa kama jina lililopandisha klorini ni lake. Akasema ni lake. Aliulizwa kama ni yeye aliyefanya. Akasema hapana. Aliulizwa basi ni nani, akainamisha kichwa na asiseme neno. Hapo Kola akasimama, kifungo kimefika kooni, akawatazama wanakamati mmoja mmoja.

"Mfumo hausemi uongo," akasema.

Maneno matatu tu. Kaka alikula miezi minane gerezani kwa maneno hayo. Mkewe alimchukua mtoto akarudi kwao, na hakuna anayemlaumu, maana dukani walikuwa wanamwita mke wa mtia sumu. Leo kaka anatengeneza pampu za majumbani kwenye kibanda cha mabati. Watu wanamletea pampu zao, lakini akisema aende kuzifunga mwenyewe wanamwambia asijali, watamtafuta fundi mwingine. Hawataki asogelee tangi.

Mimi walinibakiza. Kola alisema binti huyu bado anajifunza, hajui lolote. Nikamshukuru kwa heshima zote, na moyoni nikala kiapo.

Nilijua kwamba Kola anaficha kitu. Mtu asiye na la kuficha hakimbilii kusimama namna ile. Ila kujua si kushika, na kumbukumbu za zile wiki zilikuwa zimefutika kwenye kompyuta kuu. Hitilafu ya umeme, alisema; kilichopona ni karatasi moja aliyokuwa ameichapisha mapema, yenye jina la kaka. Nikasubiri. Nilimpikia chai, nilimwamkia, nilicheka utani wake usiochekesha, na kila siku nilimtazama kama paka anavyotazama tundu la panya.

Mwaka huu bodi ikaamua kituo kipate mlinzi. Vituo vya kwingine vilikuwa vimevamiwa na wahuni wa mtandaoni, watu waliokaa mbali kabisa na bado wanazima pampu zisizo zao, na wakubwa wakaingiwa na hofu. Mlinzi mwenyewe ni akili bandia. Aliyeileta ni mama mmoja mfupi, mpole, anayekunywa maji ya moto kwenye chupa ya chai siku nzima. Sisi tulimwita Mtaalamu.

"Hii haijui maji," alituambia siku ya kwanza. "Haijui klorini. Inajua mazoea tu. Itakaa inawatazama mnavyofanya kazi mpaka ijue nyumba hii inaendeshwaje, halafu akiingia mgeni itamjua kwa namna anavyoshika vitu."

"Sasa si mama mkwe huyo," nikasema.

Chumba kizima kilicheka, hata Mtaalamu, na jina likabaki hapo. Mama Mkwe akawa anatutazama.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Akiona jambo ambalo hajalizoea analiandika, na asubuhi anayefungua zamu analikuta kwenye skrini, na chini yake vitufe viwili: Kawaida, au Si kawaida. Ukijibu kawaida, Mama Mkwe analimeza na hatauliza tena. Ukijibu si kawaida, taarifa inakwenda moja kwa moja kwa bodi, haipitii ofisi ya mhandisi mkuu. Kola alijaribu kulipinga hilo la mwisho. Mtaalamu akanywa funda la maji yake, akamwambia mfumo umetengenezwa hivyo.

Alipoiona plasta chini ya kibodi alikunja uso kama aliyekuta unywele kwenye chai.

"Watu saba, jina moja, miaka mitano," akasema. "Mashine nitaiambia nini sasa?"

Akafanya lake. Kwa kuwa majina hayasaidii, alimfundisha Mama Mkwe kututambua kwa mikono. Kuna mtu anaandika harakaharaka na kukosea herufi ileile kila siku. Kuna anayefungua ukurasa wa umeme kabla ya wa matangi. Kuna anayebonyeza mara mbili pale pa mara moja. Mtaalamu akampa pia kumbukumbu zote za zamani, si za kompyuta kuu tu. Alizunguka na bisibisi akafungua vile visanduku vya kijivu vilivyo pembeni ya kila pampu, ambavyo sisi tulivitumia kuwekea vikombe. Kumbe kila kisanduku kina kumbukumbu yake ndogo, nacho hakikuwa kimefutwa na mtu.

Wiki ya tatu Mama Mkwe akawa ameshatugawa. Kwenye kona ya skrini, mtu akikaa kwenye kibodi, yanatokea maandishi madogo: Mkono wa Kwanza, Mkono wa Tatu, na kuendelea. Mimi nilikuwa Mkono wa Sita. Tukataniana sana, fulani mkono mzito, fulani mkono wa birika. Asubuhi moja nilifungua zamu nikakuta swali: Mkono wa Pili haujaonekana miaka mitatu. Kawaida, au si kawaida? Nilijua ni nani. Nilikaa pale nikitazama vitufe viwili, machozi yananidondoka kwenye kibodi ya serikali, na nikajibu si kawaida. Bodi walidhani nimekosea.

Siku mbili baadaye Kola alikuja kujionyesha kwa Mtaalamu. Alikaa, akafungua matangi kwanza, akabonyeza mara mbili pale pa mara moja, akaondoka bila kufunga ukurasa. Kwenye kona palikuwa pameandikwa Mkono wa Nne. Alipotoka tu, nikaingia kwenye kumbukumbu nikaandika tarehe ya ile Jumamosi. Mikono ilikuwa inanitetemeka hadi Mama Mkwe akauliza kama mimi ni mimi.

Akanitolea kila kitu, mstari kwa mstari. Miezi sita kabla ya tukio, Mkono wa Nne ulifungua njia ya kuingia kituoni kutoka nje, na ukawa unaitumia kila mwisho wa wiki. Yaani bwana mkubwa alikuwa anaona uvivu kuja Jumamosi, akawa anachungulia matangi akiwa sebuleni kwake. Jumamosi ile, saa nne kasoro dakika ishirini, Mkono wa Nne uliingia kutoka nje, ukatazama matangi, ukaondoka bila kufunga. Saa nne na dakika tano akaingia mtu kupitia njia ileile iliyoachwa wazi. Mama Mkwe hakumjua, akamwandika Mkono Mgeni. Mkono Mgeni ndio uliopandisha klorini. Na Jumatatu yake, saa mbili asubuhi, Mkono wa Nne ulifuta kumbukumbu za kompyuta kuu.

Nilisoma mara tatu. Nilijisikia raha ambayo sijawahi kuipata arusini wala kanisani wala msikitini. Nilikuwa nimemshika, na nilitaka aumie mbele za watu kama alivyoumizwa kaka.

Kisha nikaona mstari nilioruka. Ulikuwa katikati, baina ya Mgeni kupandisha klorini na kaka kufunga valvu.

Saa nne na dakika tisa: kengele ya klorini. Saa nne na dakika tisa: kengele imenyamazishwa. Mkono wa Sita.

Nilijaribu kuikumbuka ile dakika, na Mungu ni shahidi, sikuikumbuka. Nadhani nilikuwa nabandika chai. Nadhani Kichanga alilia nikanyoosha mkono tu, kama nilivyokuwa nimefanya mara ishirini tangu asubuhi ile na kama walivyofanya wenzangu wote. Isipokuwa safari hii alikuwa analia kweli. Kama ningeinua macho ningeiona ile namba, na kaka angeifunga valvu mapema, na bibi yule angekuwa na macho mawili.

Sasa nisikilizwe vizuri, maana hapa sitajikosha. Sikulia, wala sikumfikiria yule bibi zaidi ya dakika moja. Nilichofikiria ni kwamba mstari huu utamwokoa Kola. Atasimama na kifungo chake aseme, mnaona, dada mtu ndiye aliyeizima kengele, na habari yote itageukia kwetu. Miaka mitatu ya kumpikia chai, halafu niharibu kwa mstari mmoja. Nikauondoa kwenye ripoti.

Mtaalamu alikuwa ametuonya kwamba kitu kikiondolewa, Mama Mkwe atauliza asubuhi ya zamu ya kawaida inayofuata. Kesho yake ilikuwa siku ya kumzindua mbele ya bodi, maswali yalisimamishwa. Keshokutwa anayefungua zamu ni mimi. Nitabonyeza Kawaida, biashara imekwisha.

Bodi ilikuja saa nne, watu tisa na mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya taratibu. Tulipanga viti nyuma ya meza ya udhibiti, ripoti zikawa zinaonekana kwenye skrini kubwa ya ukutani. Mtaalamu aliigiza uvamizi kutoka kwenye kompyuta yake. Alijaribu kuzima pampu mbili, Mama Mkwe akamsukuma nje kabla sijameza mate. Wakapiga makofi. Kola alikuwa anang'aa kwa furaha, utadhani amemzaa yeye.

Nikasimama nikiwa nimekunja mikono kwa adabu.

"Waheshimiwa, mimi nilikuwa naomba mhandisi wetu awaonyeshe mwenyewe," nikasema. "Hakuna anayekijua kituo hiki kama yeye. Sisi wote ametufundisha."

Nilimvisha kilemba cha ukoka na kikamkaa. Aliketi, akavuta kibodi, akafungua matangi, akabonyeza mara mbili. Kwenye kona ya skrini ya ukutani, kwa herufi ambazo hata aliyekaa nyuma kabisa alizisoma, pakaandikwa Mkono wa Nne.

"Kumbe kila mtu ana mkono wake," mwenyekiti akasema. "Huo ni wako?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Hata mtu akilijua jina langu na neno langu la siri, mkono wangu hawezi kuuiga."

Alisema mwenyewe, kwa kinywa chake, na watu tisa wakasikia. Nikainama juu ya bega lake, nikafungua historia ya Mkono wa Nne.

Niliwaacha wasome. Njia ya nje iliyofunguliwa, tarehe zake. Jumamosi ile na saa zake. Mkono Mgeni. Jumatatu na kumbukumbu zilizofutwa. Halafu mistari ya chini kabisa, ya mwezi huu, ambayo hata mimi ilinishtua: njia ileile ilikuwa imefunguliwa tena, bado iko wazi, na Mikono Migeni ilikuwa imeigonga mara kumi na moja, mara zote Mama Mkwe akairudisha. Mtu huyu alimfunga kaka yangu kwa sababu ya mlango alioacha wazi, na bado alikuwa anaacha mlango wazi.

Kola alikuwa ameduwaa, jasho linashuka mpaka kwenye kola.

"Mashine imekosea," akasema. "Hizi ni mashine tu, mheshimiwa, zinachanganya mambo."

"Mfumo hausemi uongo," nikamwambia. "Maneno yako hayo."

Alinitazama, na nadhani ndiyo siku ya kwanza aliniona. Mkono wake ukaenda shingoni, ukafungua kifungo. Mwenyekiti alimwomba asimame aondoke kwenye kibodi. Walinzi walipomtoa alipita karibu yangu, na mimi sikukwepesha macho. Nilitaka auone uso wa dada wa mtu aliyemfungisha. Raha niliyoipata sitaikana, ilinishuka mpaka miguuni.

Sikungoja saa tisa. Nilichapisha ripoti, nikaomba ruhusa, nikaenda kwa kaka nikiwa nusu natembea, nusu nakimbia. Alikuwa ameinama juu ya pampu iliyofunguliwa, anapaka grisi kwa kidole.

"Kaka, Kola ameondolewa," nikasema. "Bodi yote imeona. Wanafungua upya kesi yako. Soma."

Akapangusa mikono kwenye suruali, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akasoma. Alisoma polepole, kama alivyokuwa anasoma ripoti zangu za shule. Nilikuwa namsubiri acheke, au alie, au aniite jina la utotoni. Alipofika katikati ya ukurasa kidole chake kikasimama. Kikarudi juu mstari mmoja, kikashuka tena, kikaacha alama ya grisi.

"Na kengele?" akauliza.

"Kengele gani?"

"Kengele ililia, mdogo wangu. Niliisikia nikiwa kule matangini. Ikalia kidogo ikanyamaza." Akavua miwani. "Nikajua umeiona, unashughulikia. Ndiyo maana sikukimbia. Nikaendelea kuchota maji."

Nje watu walikuwa wanapita na maisha yao.

"Ulijua," nikasema mwishowe.

"Tangu siku ileile. Chumbani ulikuwa peke yako."

"Kwa nini hukusema pale kwenye kamati? Walikuuliza ni nani."

"Waliniuliza nani kapandisha dawa. Hilo sikulijua. Ningeanza kuwaelezea plasta, wangefika kwenye kengele, wakauliza nani aliizima. Ulikuwa na miezi miwili kazini. Wangetufunga wote wawili, na mama angebaki na nani?" Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia ya kufika sokoni. "Nilikuwa nangoja tu litoke moyoni mwako, uniambie. Nikajua ukiwa tayari utaniambia."

"Sikukumbuka, kaka. Naapa. Nimejua jana."

"Nakuamini," akasema. "Lakini hata siku moja hukuniuliza kilichotokea. Kila ukija kunitembelea gerezani ni Kola, Kola, Kola."

Nilimwona anarudisha macho kwenye karatasi, kwenye ile nafasi kati ya mistari miwili, na nikajua anachofikiria. Mtu aliyesoma kumbukumbu za mitambo miaka kumi na mmoja hawezi kuamini kwamba kisanduku kilichoandika kila dakika kilisahau kengele.

"Ilikuwepo," nikasema. "Nimeiondoa."

Akaikunja ripoti mara mbili, akanirudishia. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichukua kopo la grisi akarudi kwenye pampu yake, na baada ya muda akaniuliza kama nimekula.

Nilikwenda nyumbani nikamtazama mama akikunja nguo, anauliza habari za kazi, na nikamwambia nzuri. Nilijiambia mengi. Kwamba Kola alifanya makusudi na mimi sikukusudia. Kwamba kaka ameshasamehe, sasa nani anadai zaidi. Kila nilipofika mwisho wa hoja zangu nilijikuta namsikia mtu mwenye kifungo shingoni akisema ni hitilafu ya umeme.

Asubuhi nilifungua zamu saa moja kamili. Chumba kilikuwa kitupu, kiti cha Kola kimeegeshwa ukutani. Mtaalamu alikuwa ameshang'oa ile plasta, pamebaki alama ya gundi tu. Niliwasha skrini na Mama Mkwe alikuwa ananingoja na swali moja.

Mkono wa Sita umeondoa mstari kuhusu Mkono wa Sita. Kawaida, au si kawaida?

Nilikumbuka kaka akiwa nyuma ya kiti changu ile miezi miwili, mkono wake begani kwangu, akiniambia soma kwanza, ndipo ubonyeze. Nikasoma tena mpaka mwisho. Kisha nikabonyeza Si kawaida.

Mstari ukarudi mahali pake. Taarifa ikaondoka kwenda kwa bodi, na juu ya meza Kichanga akaanza kulia. Mkono wangu ukanyooka wenyewe kuelekea kwenye kitufe, kama kawaida yake. Nikaurudisha mapajani, nikaukalia, nikamwacha alie mpaka watu waje.